Vumbi la Fundi Kufuli

Ufagio ulikuwa umeshainuliwa, umebaki kushuka tu, mwalimu alipofungua kinywa.

Asubuhi ile ya mapumziko nyumba nzima ilikuwa imejipanga mlangoni pa chumba cha marehemu. Mbele alisimama mama mkwe, kitambaa kimefungwa puani, ufagio wa chelewa mkononi. Nyuma yake alikuwa binti yake na ndoo ya maji. Mimba yake ilikuwa imefika pale ambapo tumbo huingia chumbani kwanza na mwenyewe akafuata. Nyuma kabisa alikuwa mwalimu, mume wa binti, na kikombe cha chai, kwa kuwa yeye alipewa kazi ya kubeba vitu vizito, na vitu vizito vilikuwa bado havijaamuliwa ni vipi. Chumba hicho kilikuwa karakana ya baba mkwe, fundi kufuli ambaye watu walimletea milango iliyowashinda hata wezi. Tangu azikwe, aliyekuwa akiingia humo ni mjane wake peke yake, naye hakuingia kufanya lolote ila kukaa. Ilikuwa imechukua miezi ya kubembelezwa mpaka akakubali kwamba kifagiliwe, kipakwe chokaa, kiwekwe kitanda cha mtoto.

Mwalimu alifundisha anatomia katika chuo cha wauguzi, na ndani ya anatomia alikuwa na kipenzi chake: epithelia, tishu ile inayoufunika mwili kwa nje na kuutandika kwa ndani, kuanzia ngozi ya kisigino hadi utando wa tumbo. Neno “tabaka” lilimtoka mara nyingi hata wanafunzi wakamwita Tabaka, naye akalipokea jina hilo kama cheo. Mtu akijikata kisu jikoni, Tabaka hupata mada kabla hajapata bandeji. Sasa walikuwa wameshaingia, naye alikuwa amesimama mbele ya meza ya fundi iliyofunikwa vumbi laini, jua la dirishani likilimulika, na hadhira haina pa kukimbilia.

“Mnajua hili vumbi ni nini?” akauliza.

Mkewe akamkanyaga mguu. Lakini Tabaka akishaanza, kumkanyaga mguu ni sawa na kumpigia makofi.

“Ni sisi wenyewe,” akasema. “Ngozi yetu juu ina seli bapa, zimelaliana tabaka juu ya tabaka. Zinazaliwa chini, zinasukumwa juu, zinakufa njiani, na zikifika juu kabisa zinabanduka. Kila siku, mchana na usiku, bila wewe kujua. Mtu akikaa chumba kimoja miaka na miaka, vumbi la humo usidhani limetoka barabarani. Karibu lote ni yeye mwenyewe.”

Mama mkwe akashusha kitambaa kidevuni. “Yeye nani?”

“Mwenye chumba,” akajibu Tabaka, akanywa chai.

Ufagio ukashuka, lakini ulishuka taratibu mno, ukaegemezwa ukutani kama mgonjwa anayeketishwa. Mama mkwe aliitazama meza, kiti, rafu za makufuli mabovu, na sakafu ambayo nusu saa iliyopita aliiita aibu ya nyumba. Kisha akageuka.

“Tokeni,” akasema. “Tena msikanyage.”

Akafunga mlango kwa kufuli ambalo marehemu mumewe alikuwa amelitengeneza kwa mikono yake na kujigamba kuwa halina wa kulifungua, akautia ufunguo kifuani, akaenda zake jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Tabaka alikuwa amejikwaa ulimi akiwa na viatu vipya. Mkewe alimngoja mpaka wakawa peke yao chumbani mwao, chumba ambacho kitanda na kabati la vitabu vilikuwa vimekigawana, binadamu wakabaki na kijia.

“Umeridhika?” akamwuliza.

“Nimesema ukweli tu.”

“Ukweli nao una saa zake. Miezi yote hii nimemshika mama mkono, hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Wewe umekuja na kikombe cha chai ukamrudisha makaburini.” Alijishika kiuno, akaketi. “Sikia. Kitanda cha mtoto kitaingia nyumba hii. Kama hakitaingia kule, kitaingia hapa, na kabati lako ndilo litakalotoka. Umelitia mwenyewe, ulitoe mwenyewe.”

Kabati lilimuuma, hakuna haja ya kuficha. Lakini kilichomkosesha usingizi kilikuwa kingine. Alikuwa amechungulia kitabu chake kwa siri, na kitabu kilikuwa kimemgeuka. Ngozi iliyobanduka ni sehemu tu ya vumbi la nyumba, kilisema. Mengine ni udongo, nyuzi za nguo, masizi, na kiasi cha kila kimoja hutegemea nyumba yenyewe. “Karibu lote” haikuwemo popote. Ile “karibu lote” aliitia yeye mwenyewe, kwa sababu jua lilikuwa zuri na watu walikuwa wamenyamaza. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani, Tabaka humnyima alama na kumwandikia pembeni kwa wino mwekundu: Umepima wapi?

Wakati huo huo mambo chumbani kwa marehemu yalizidi kuharibika. Mama mkwe sasa aliingia bila viatu. Aliingia asubuhi na kusalimu, jioni akaaga. Dirisha alilifunga ili upepo usije ukachukua mtu. Jirani wa ng'ambo ya ua, mzee mwenye masikio mazito na moyo mwepesi, aliambiwa kwa sauti kubwa juu ya ukuta kwamba mume hajaondoka kabisa, mkwe msomi amethibitisha. Na kila alipotoka humo alikuwa akikohoa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani na daktari alikuwa amemwonya kuwa yeye na vumbi wasikae chumba kimoja. Sasa usiku kilipiga mluzi hata ukasikika ukutani. Tabaka alilala akiusikiliza. Alikuwa anampenda mama yule, ingawa hakuwahi kupata mada ya kumwambia hivyo, na kila mluzi ulimchoma.

Alianza kwa njia iliyonyooka, mezani, wakila.

“Mama, lile neno la juzi, la vumbi. Nilitia chumvi.”

“Chumvi kiasi gani?”

“Nyingi. Vumbi lina mchanga, lina nyuzi, lina masizi ya jikoni—”

“Na yeye hayumo?”

Tabaka akatafuta jibu la uongo, hakulipata. Hakuwa na mazoezi. “Yumo,” akasema, “ila—”

“Basi,” akasema mama mkwe, na kujiongezea mboga.

Mara ya pili alijaribu kulifanya vumbi lichukize. Akaeleza, kwa upole aliodhani ni hekima, kwamba vumbi lisipofagiwa huvutia utitiri, vidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba chakula cha vidudu hivyo ni hizo hizo seli za ngozi zilizokufa. Mama mkwe aliacha kutafuna.

“Vinamla?”

Mkewe aliinuka na sahani yake akaenda kulia chakula chake uani, amesimama. Jioni hiyo mama mkwe alionekana mlangoni pa karakana na kopo la dawa ya wadudu, amelielekeza ndani, kidole kikiwa juu ya kitufe, hawezi kubonyeza na hawezi kuondoka. Akinyunyiza, atakuwa amempulizia mumewe sumu. Asiponyunyiza, mumewe analiwa. Alisimama hivyo mpaka mkono ukachoka, kisha akaketi kizingitini na kulia, na Tabaka, aliyekuwa akitazama toka ujiani, akajua kwamba ameongeza maji kwenye mafuta yanayowaka.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Tabaka aliweza kuchora kovu tabaka kwa tabaka, jinsi seli za kingo zinavyotambaa juu ya kidonda mpaka zikutane katikati na kukifunika. Alichokuwa hajakifikiria ni kwamba kufunikwa si kupona. Siku zote alidhani mama amefunga jeraha lake. Kumbe alikuwa amelifungia mlango tu.

Ndipo akaenda kwa mtunza vifaa wa chuo kumwomba hadubini. Mpango wake ulikuwa rahisi: mama aone kwa macho yake mchanga, nyuzi na masizi, akinai, afagie. Mtunza vifaa alimwapisha kwamba chombo kisichakae, kisivunjike, kisilowe, kana kwamba anamwoza binti yake. Kwa kuwa njiani kulikuwa na upepo, Tabaka alikizungushia kishali kipya cha mtoto alichotumwa kununua siku hiyo hiyo, akakikumbatia kifuani, akawa anatembea polepole akikwepa mashimo.

Jirani alimwona kupitia juu ya ukuta. “Hongera, baba!” akapaza sauti. “Mke hajambo?”

“Bado, mzee. Hii ni hadubini.”

“Jina zuri,” akasema jirani. “Halijazoeleka.”

Mama mkwe hakukataa. Alisikiliza ombi hadi mwisho, akapima kile chombo kwa macho, akatoa ufunguo kifuani. Alikubali hata dirisha lifunguliwe kidogo, kwa kuwa hadubini ilihitaji mwanga, lakini mahali pa kuchota vumbi alipachagua yeye: kwenye kona ya meza, pale kiwiko cha marehemu kilipokuwa kikikaa. Tabaka alichota kwa ncha ya brashi, akalitandaza juu ya kioo, akadondoshea tone la maji, akaweka kioo kingine juu yake. Akainama, akarekebisha. Mkewe alikuwa mlangoni, mikono juu ya tumbo, na uso unaosema kwamba kabati la vitabu limeshatafutiwa mnunuzi.

Nyuzi zilikuwepo, nzuri kabisa. Mchanga ulikuwepo. Lakini palikuwa na kitu kingine kingi kuliko vyote, vijipande vyeusi vilivyojikunja kama vipande vya kucha. Alivitazama bila kuvielewa. Akawasha tochi ya simu, akamulika kutoka juu, na vile vyeusi vikawaka njano.

“Njoo uone, mama.”

Mama mkwe aliinama, akafumba jicho lisilohusika, akafumbua, akafumba jingine. “Naona nyasi.”

“Hizo ni kope zako. Usikaribie sana.”

Akarudi nyuma kidogo. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, “Hii ni dhahabu?”

“Ni shaba, mama. Unga wa funguo. Alipokuwa akizipiga tupa.”

Mabega ya mama mkwe yalianza kutikisika, na Tabaka akanyoosha mkono kumshika, akijilaumu kwa mara ya tatu. Lakini uso ulipoinuka haukuwa wa kilio.

“Shaba,” akasema mama mkwe. “Nilijua. Nilijua! Kila siku ya Mungu nilimwambia, baba wewe, kung'uta nguo zako nje kabla hujaingia ndani. Ananiambia amekung'uta. Nikilala, shuka linanichoma kama nimelalia siafu. Namwambia, ni vumbi lako la shaba. Ananiambia ni joto. Joto! Masika, mvua inanyesha, mimi najikuna, yeye anakoroma, ni joto!” Akapiga meza kofi, na vumbi aliloliheshimu mwezi mzima likaruka. “Tena alikula yamini. Mwongo mkubwa yule mwanaume.”

Binti alikuwa ameshika mlango, anacheka mpaka anaomba asije akazalia pale. Alikuwa hajamsikia mama yake akimlalamikia baba tangu siku ya mazishi. Nyumba ile ilikuwa imekaa na marehemu asiye na kasoro, mpole, mkarimu, mchamungu, picha ya ukutani; na picha haimchomi mtu shukani. Sasa fundi mwenyewe alikuwa amerudi, na kiburi chake na visingizio vyake, na mkewe alikuwa na miezi mingi ya ugomvi wa kumlipa. Alimsema vya kutosha. Alimsema kwa kukoroma, kwa chai aliyoiacha ipoe kila siku kisha akalalamika imepoa, kwa wateja aliowakaribisha chakula bila kuuliza kama kipo. Aliposhusha pumzi alijifuta macho kwa upande wa kanga, maana machozi yalikuwa yameingia katikati bila kuitwa, kisha akainama tena kwenye hadubini.

“Na hivi vya kama maganda? Vyepesi hivi, vinapitisha mwanga?”

Tabaka alivijua kabla hajatazama. Angeweza kusema ni karatasi. Angeweza kusema ni masizi, na mambo yangeishia hapo, kitanda kikaingia na kabati likabaki. Akatazama hata hivyo, kwa heshima. Zilikuwa tatu, bapa, zimekunjika kingo.

“Hizo ndizo, mama,” akasema. “Seli za ngozi. Zimeshakufa, hata kiini hazina tena.”

Mama mkwe akaweka jicho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, hata binti mlangoni akaacha kucheka.

“Huyu ni nani?” akauliza.

Tabaka alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakikutoka kitu. Mwanafunzi angemwuliza ni seli za aina gani, za tabaka gani, kazi yake nini, naye angejibu mpaka kengele ilie. Hakuna aliyewahi kumwuliza ni nani. Alifikiria fundi na kiwiko chake. Alifikiria wateja walioegemea meza ile, na yule mama mwenyewe, na kijana mmoja aliyewahi kuketi kwenye kiti kile kuja kuomba mke, akajikuna mikono kwa woga wakati fundi akiendelea kupiga tupa bila kumtazama.

“Sijui, mama.”

“Hujui?”

“Sijui. Huenda ni yeye. Huenda ni wewe. Hakuna aliyekaa humu kama wewe tangu aondoke. Huenda hata ni mimi.”

Mama mkwe hakutoa jicho kwenye lenzi. “Kumbe tumechanganyika,” akasema.

Kisha akanyooka, akajishika mgongo, akakohoa, akaitazama karakana yote kama mtu aliyeamka safarini na kujiuliza amefika wapi. “Haya,” akasema. “Siwezi kufa kwa kikohozi kwa ajili ya mtu ambaye hata mwalimu hamjui.” Akamwambia binti alete maji. Akamwambia mkwe alifungue dirisha lote, lile limefungwa nusu kama jicho la mlevi, na aondoe hicho chombo cha watu kabla hakijavunjika.

Binti alinyunyiza maji sakafuni kwa vidole. Mama alianza kwenye kona ya mbali, akafagia kwa mapigo mafupi, bila haraka. Tabaka alisimama na kizoleo. Alikuwa na mengi ya kusema na aliyameza yote; yalishuka kwa shida, kama dawa za vidonge.

“Mwanangu,” mama mkwe akasema bila kugeuka. “Ulisema zinazaliwa chini.”

“Ndiyo, mama. Kuna tabaka la chini kabisa. Halionekani. Halina hata mshipa wa damu, linalishwa na tishu iliyo chini yake.”

“Kama wewe hapa nyumbani,” mkewe akasema.

“Nalo hubanduka?” mama akauliza.

“Hilo halibanduki. Linabaki pale pale, linazaa mengine.”

“Mpaka lini?”

Tabaka akasita. Jibu alikuwa nalo, fupi na sahihi, limekaa ncha ya ulimi.

“Malizia,” akasema mama mkwe. “Mimi si mtoto.”

“Mpaka mwenyewe afe.”

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei akaiona ni ya haki, na akaendelea kufagia. Ingawa maji yalikuwa yamenyunyizwa, vumbi lilikuwa la siku nyingi. Lilipanda, likasimama kwenye mwanga wa dirisha, njano na kijivu, likawa linakuja upande wa mlango.

“Mama, kitambaa,” akasema Tabaka. Aliweka kizoleo chini, akamfunga yeye mwenyewe kile kitambaa puani, fundo kisogoni, kwa vidole visivyozoea. Hakuwahi kumgusa kichwa. Mama alisimama tuli mpaka akamaliza.

“Na wewe?”

Mkono wa Tabaka ulikuwa umeshafika puani kabla hajaambiwa. Alijua vizuri sana yaliyomo kwenye koo la binadamu: seli ndefu zilizosimama bega kwa bega, kila moja na vijinywele vyake, kazi yake kunasa kila kinachoingia na kukisukuma nje. Zingefanya kazi yake. Hapo hapo aliona macho ya mama mkwe juu ya kitambaa, yanamngoja, na ufagio umesimama.

“Mimi sina neno, mama,” akasema, akashusha mkono, akavuta pumzi mpaka ikafika ndani kabisa.

Akapiga chafya, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu kwa nguvu mpaka makufuli yakalia rafuni. Mama mkwe alimngoja amalize, kisha akamsogezea vumbi kwa ufagio, taratibu, naye akainama na kizoleo kulipokea.